Risasi ya Mtu Mwingine

Aliyetaka kujua bunduki ya Wilondja inavyopiga teke angeliuliza bega la kulia la Sajini Apondi. Asubuhi ile, katika maabara ya silaha ya polisi kule Lidcombe, Sydney, alikuwa ameifyatua mara mbili kwa hiari yake mwenyewe, na sasa kila alipogeuza usukani kuelekea Minto bega lilimkumbusha kwamba hakuna aliyemlazimisha.

Risasi ya kwanza ilitoka katika boksi la Wilondja, aliyeishindilia baruti kwa mkono wake. Ilimsukuma tu, kama mtu mwenye haraka anayekupita kwenye foleni. Ya pili, fundi wa maabara aliishindilia baruti kamili, kiasi cha juu kinachoruhusiwa na vitabu vya fani hiyo.

"Kandamiza kitako begani, uinamie mbele," fundi alimwelekeza. "Na jicho liweke mbali na darubini. Hii haina adabu."

Kweli haikuwa na adabu. Ilikuwa bunduki ya milimita tisa nukta tatu, kubwa kuliko ya kuwindia swala na ndogo kuliko ya kuwindia tembo, na teke lake lilikuwa la katikati vilevile: halikuvunji, lakini halikusamehe. Mtutu uliruka juu, darubini ikarudi nyuma, ikasimama upana wa kidole kutoka kwenye nyusi ya Apondi.

Kisha fundi akampangia maganda matatu ya risasi mezani. Mawili yalikuwa ya asubuhi ile. La tatu lilikuwa limeokotwa Minto, nyuma ya rundo la mbao za kupangia mizigo, pale alipolala mtu aliyemwua Masumbuko, mwenzake Wilondja wa kuwinda.

"Tazama kitakoni, kwenye fataki," fundi alisema, akigusa kwa kibano kile kitufe kidogo cha shaba kinachowasha baruti. "Hili la Wilondja, fataki bado ina mviringo wake. Hili langu, fataki imebanwa mpaka ikawa bapa. Na la Minto je?"

"Bapa," Apondi alisema.

"Bapa kama langu. Sijaona hata risasi moja katika boksi la Wilondja iliyojazwa namna hiyo. Yeye anajaza baruti kidogo, uji mtupu."

"Na bunduki yenyewe?"

"Vumbi, mafuta, na vidole vya Wilondja kila mahali. Aliyefyatua alivaa glavu. Kitu kimoja sikielewi. Ukingo wa darubini, upande wa jicho, umefutwa kwa dawa mpaka unang'aa. Ukingo tu. Nimepitisha pamba, lakini majibu hayatatoka leo."

Apondi alimpigia simu inspekta wake akiwa bado kwenye ngazi za maabara. Inspekta alisikiliza, akakohoa, akasema kwamba bunduki ni ya Wilondja, sefu ni ya Wilondja, na begani mwa Wilondja daktari ameona mchubuko mpya. Mtu anayekwenda kuua anaweza kujiongezea baruti siku hiyo, kwa nini asiweze? Jioni anafungua mashtaka ya mauaji.

"Mchubuko ni wa uwanja wa shabaha, Jumamosi kabla ya mauaji," Apondi alisema. "Ana chuma begani. Hata uji unamchubua."

"Basi niletee kitu kinachoonekana kwa macho," inspekta alisema, na simu ikakatwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hilo. Wilondja alikuwa mahabusu, baba wa watoto wanne, dereva wa foklifti aliyeangukiwa na shehena ghalani mwaka juzi. Mkewe, Généreuse, alikuwa amekaa mapokezi ya kituo tangu alfajiri na watoto wote, na alikuwa amemshika Apondi mkono wa shati wakati anatoka.

"Mama polisi, bwana yangu haiko muuaji," alimwambia. "Iko na chuma mu bega, docteur aliiweka. Ile recul ya bunduki inamuumiza, ndiyo maana anaweka poudre kidogo. Masumbuko alikuwa kama ndugu yake. Mukimufunga, mimi na hawa batoto tutaenda wapi?"

Maneno hayo yalimfuata Apondi barabarani, akakanyaga mafuta. Kando yake Konstebo Jacky alishika mkanda wa kiti. Jacky alizaliwa Nairobi, akalelewa Parramatta; Kiswahili alikielewa chote, ila majibu yake yote yalitoka kwa Kiingereza.

Walipopita Guildford, simu ililia. Alikuwa Bibiane, mdogo wake marehemu Masumbuko, aliyekuwa amechumbiwa na Mzee Muriuki.

"Dada Apondi, uliniambia nikikumbuka kitu nikuite," alisema. "Kaka, wiki ile kabla ya kufa, aliniambia robe ya ndoa nisishone kwanza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema nitaongea na Muriuki kwanza, mwanaume kwa mwanaume, halafu nitakuambia. Hakuniambia tena."

"Muriuki anasemaje?"

"Muriuki? Hata kwa maombi ya kaka hakuja! Mzee wa kanisa mzima! Aliniambia alikuwa na shift. Alikuja kwetu tu kukaa na wanaume inje, chini ya hema, na ile chapeau yake mu kichwa. Mu kanisa hakuingia. Watu wananicheka."

Apondi alishukuru akakata simu. Wakaingia Campbelltown Road.

"Shift," Jacky alisema. "Easy to check."

"Angalia basi."

Jacky alipiga simu kwenye nyumba ya kulelea wazee ambako Muriuki alikuwa muuguzi. Aliongea, akacheka na mtu, akakata. "He wasn't on. Day off."

Kontena la wawindaji lilikuwa mwisho wa uwanja nyuma ya maghala ya Minto. Lilikuwa la chuma, rangi ya kutu, na lilikuwa limegeuzwa karakana. Watatu walilitumia pamoja: Masumbuko, Wilondja na Muriuki. Muriuki ndiye aliyewafundisha wenzake wawili kushindilia risasi, na ndiye aliyekuwa akiwasimamia uwanjani kama mwalimu wa darasa la kwanza. Masumbuko alipigwa risasi pale pale, akiwa juu ya ngazi anaziba paa lililovuja. Ghala la jirani hukata mabati kutwa nzima. Mlio mmoja zaidi haukumshtua mtu.

Muriuki alikuwa akiwasubiri kivulini. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi, miwani ya fremu nene, na kofia ya pama iliyoshushwa hadi kwenye miwani.

"Karibu, afande. Pole kwa jua," alisema. "Leo Sydney imeamua kutuchoma."

"Asante, mzee. Nilikuomba unionyeshe jinsi risasi inavyoshindiliwa. Nataka kuona kwa macho yangu, na nitarekodi kwa simu. Una pingamizi?"

"Pingamizi ya nini? Rekodi tu. Hii kazi haina siri."

Apondi alimtuma Jacky akanunue maji na akamalizie simu zake kwenye gari. Baadaye alijiuliza kwa nini alimwondoa mtu wa kumletea maji kabla hajaona ndani kulivyo. Ndani kulikuwa tanuri. Meza ndefu ilikuwa imefungwa kwa boliti ukutani, juu yake mashine ya kushindilia yenye mpini mrefu wa chuma, mizani ndogo, makopo ya baruti ya Muriuki. Sefu ya Wilondja ilikuwa wazi na tupu. Kila kilichokuwemo kilikuwa Lidcombe. Aliweka simu mezani ikirekodi. Mtandao haukuwepo kabisa, chuma kilikuwa kimeumeza wote.

Muriuki alifanya kazi vizuri, hilo lazima lisemwe. Alichukua ganda tupu, akalipitisha kwenye mashine kulirudishia umbo. Akabonyeza fataki mpya kitakoni. Kisha akaweka kopo moja tu la baruti mezani na mengine akayarudisha kwenye rafu.

"Kopo moja kwa wakati mmoja," alisema. "Ukiweka mawili, siku moja utachanganya. Ukichanganya, tunakuzika."

Akamimina punje kwenye kikombe cha mizani. Upepo wa joto uliingia mlangoni, mizani ikatetemeka, sindano ikacheza huku na huku. Akaguna. Baruti haipimwi penye upepo. Akaenda kwenye mlango, akauvuta.

"Mzee, ngoja..." Apondi alisema.

Mlango uligonga, na kwa nje wakasikia nondo ikiangukia kwenye kishikio chake. Sauti ile ilikuwa nzito na ya uhakika.

Muriuki alisukuma. Akasukuma kwa bega. "Hii nondo imepinda tangu zamani," alisema. "Masumbuko alikuwa anaufunga mlango na mkanda wa lori ukae wazi, usijibamize. Ulikuwa unaning'inia hapa. Uko wapi?"

Apondi aliujua ulipo. Ulikuwa kwenye mfuko wa vielelezo, umepigwa muhuri na kusainiwa na yeye mwenyewe.

"Tuliuchukua," alisema.

"Mliuchukua," Muriuki alirudia. "Sasa tutatoka aje?"

Walipiga mlango kwa ngumi. Ghala la jirani likaendelea kukata mabati, na ngumi zao zikazama katika kelele ile. Matundu ya hewa yalikuwa juu, madogo, na yaliingiza mwanga kuliko hewa. Apondi alitazama simu. Haikuwa na hata mstari mmoja wa mtandao. Jacky angerudi, lakini Jacky alikuwa mtu wa kusubiri aitwe.

"Basi tuendelee," Apondi alisema. "Hata tukilia hakuna wa kutubembeleza."

Muriuki alirudi mezani. Alipima, akamimina, akaweka kichwa cha risasi, akavuta mpini mrefu wa mashine. Risasi ikatoka kamili, inang'aa. Aliisimamisha mezani kwa kidole kimoja.

"Wilondja alikuwa anajaza kidogo," Apondi alisema.

"Bega lake. Nilimwonyesha mimi. Teke la bunduki unalipunguza kwa njia kadhaa: bunduki nzito, mpira mnene kwa kitako, kichwa chepesi, baruti kidogo. Na ukae vizuri. Watu wengi wanaogopa teke, wanafumba macho kabla ya kufyatua. Huyo hawezi kupiga hata ng'ombe."

"Na akilala chini kifudifudi?"

"Hapo ndio mbaya. Ukisimama, mwili unarudi nyuma na bunduki. Ukilala, mwili hauna pa kwenda. Teke lote unalimeza."

"Wewe umewahi kufyatua hiyo ya Wilondja?"

"Mimi? Hapana. Yangu ni ndogo, haina maneno mengi. Jicho unaweka karibu na darubini na haikugusi."

"Hata kujaribu tu? Mlikuwa marafiki. Risasi zake zilikuwa hapa."

Muriuki alicheka, mara ya kwanza siku ile. "Afande, ukitaka kuishi katika hii kazi, shika amri moja. Usifyatue risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Hata ya ndugu yako. Hujui alikuwa anawaza nini akijaza. Hiyo niliwafundisha hawa wawili kabla ya kuwaonyesha hata mashine."

Apondi alijifuta uso kwa kiwiko. Jasho lilimtiririka mgongoni, blauzi ikamganda. Muriuki naye alikuwa akitota. Shati lililopigwa pasi lilikuwa limekwisha habari yake, na matone yalidondoka kutoka ukingo wa pama hadi kwenye miwani. Aliivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kofia hakuigusa.

"Vua kofia basi, mzee, kichwa kipate hewa."

"Niko sawa. Nina upara, jua linanichoma."

"Jua liko nje."

"Mazoea," Muriuki alisema, akageukia mizani.

Apondi alimtazama shingoni. Akili yake ilirudi Lidcombe, ukingo wa darubini ukining'inia upana wa kidole mbele ya jicho lake mwenyewe. Ukingo tu, fundi alisema. Mtu aliyevaa glavu hana alama za vidole za kufuta. Anafuta kitu kingine. Na mtu aliyezoea bunduki ndogo, anayeweka jicho karibu, akalala chini nyuma ya mbao na kulenga mtu aliye juu ya ngazi, na ndani ya bunduki ile ya wenyewe ametia baruti kamili...

Wilondja uso wake ulikuwa safi kama wa mtoto aliyeogeshwa. Hilo alikuwa ameliona kwa macho yake.

Angeweza kumwambia avue kofia kwa amri. Muriuki angekataa, na angekuwa na haki ya kukataa, tena angejua. Wangebaki wawili katika boksi la chuma, yeye na mtu aliyejua kwamba anajulikana. Bastola kiunoni ilikuwa pambo tu. Hakuna mwenye akili anayefyatua bastola mahali penye makopo ya baruti na kuta za chuma. Na inspekta alisema jioni. Alimwona Généreuse amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, mtoto wa mwisho amelala mapajani, na hasira ikampanda. Alikuwa na hofu pia, na hakujidanganya kuhusu hilo.

Mzee wa kanisa mzima, Bibiane alisema. Hata kwa maombi hakuja. Mu kanisa hakuingia.

Apondi alikuwa binti wa kasisi wa Bondo. Ibada alikuwa ameziacha Kenya pamoja na sare ya shule, lakini ya kanisani aliyajua kama ajuavyo njia ya jikoni kwao gizani. Alijua kwamba katika dunia nzima kuna jambo moja ambalo mwanamume aliyelelewa katika safu za mbele za kanisa hawezi kulifanya akiwa amefunika kichwa, na hatafikiri kwanza, maana mama yake alimchapa kabla hajajua kufikiri.

Alijikohoza. Akaacha goti moja lilegee kidogo, akashika ukingo wa meza.

"Mzee, nasikia kizunguzungu," alisema. "Nikianguka hapa..."

"Kaa chini, kaa chini."

"Hatujui tutatoka saa ngapi. Nyumbani tulifundishwa tukikwama tusikae kimya." Akanyoosha mgongo, na sauti ya baba yake ikamtoka kifuani, ile ya kuamsha waliosinzia nyuma. "Bwana asifiwe!"

"Asifiwe sana," Muriuki alisema, kabla ya yeye mwenyewe kujua.

"Tuombe."

Mkono wa mzee wa kanisa ulipanda wenyewe. Ulishika pama kwa mbele, ukaiondoa kichwani, ukaileta kifuani. Kichwa kikainama. Macho, nyuma ya miwani, yakafumba.

Apondi hakufumba yake.

"Baba, tunakushukuru kwa kutufikisha hapa," alisema polepole.

Juu ya nyusi ya kulia ya Muriuki kulikuwa na kidonda kinachoanza kupona. Kilikuwa chembamba, kimepinda sawasawa, kama kipande cha ukingo wa kikombe cha chai kilichogandamizwa kwenye unga. Jasho lilikuwa limekilainisha pembeni. Hakuna kisu kinachokata hivyo, wala mlango wa kabati.

"Wakumbuke wote waliofungiwa siku ya leo," Apondi aliendelea, na hapo hakuwa akiigiza tena. "Mkumbuke mtumishi wako Wilondja, aliye mahabusu, na mkewe Généreuse, na watoto. Mpokee Masumbuko. Na kila kilichofunikwa, Baba, ukifunue. Kwa jina la Yesu."

"Amina," Muriuki alisema.

Akafumbua macho. Akamkuta Apondi anamtazama paji la uso.

Kule nje mashine ya mabati ilikata kipande, ikapumzika, ikakata kingine. Muriuki alitazama kofia iliyokuwa kifuani mwake kana kwamba imewekwa na mtu mwingine.

"Nilijigonga kwa kabati," alisema. "Kazini. Kabati ya dawa."

"Tutalipima hilo kabati. Na ukingo wa darubini tutaupima pia, mzee, ule uliousugua kwa dawa. Pamba iko Lidcombe tayari." Apondi alisogea hatua moja hadi mgongo wake ukagusa sefu. "Mzee Muriuki, nakuambia rasmi, simu inarekodi. Huna lazima ya kusema lolote. Ukisema, kitaandikwa na kinaweza kutumika kortini. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Mimi si mtoto."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshuka mezani, ukatulia kwenye mpini wa mashine ya kushindilia. Mpini huo ulikuwa umefungwa kwa pini moja tu. Apondi aliiona ile pini, na Muriuki aliona kwamba ameiona.

"Ukiuchomoa," Apondi alisema, "na ukanigonga, utabaki na mimi humu nikiwa maiti, na mlango umefungwa kwa nje. Jacky akifungua atatukuta wawili. Utamwambia kabati gani?"

Mpini ulitoa mlio mdogo. Pini haikutoka.

"Bibiane alikuwa anajua?" Muriuki aliuliza.

"Anajua kwamba kaka yake alimwambia asishone gauni."

"Masumbuko alikuwa na kichwa ngumu." Muriuki aliongea kwa sauti ya chini, karibu ya upole. "Kuna mtu wao wa Goma anafanya kazi na binamu yangu. Akamwambia Masumbuko niko na bibi kule Nyeri. Niko naye, ndio, lakini hatujakaa pamoja miaka. Nikamwomba anyamaze tu. Akasema matangazo ya ndoa yakisomwa kanisani, yeye atasimama. Mbele ya watu wote. Mimi mzee wa kanisa! Afande, wewe ni Mkenya. Unajua hiyo ni nini."

"Najua ni nini. Nenda kamweleze mamake Masumbuko."

Jasho lilimwingia Muriuki kwenye kidonda, akakunja uso.

"Ufunguo wa pili wa sefu," Apondi alisema. "Ule Wilondja aliotuambia kwamba ulipotea. Ulikuwa nao?"

"Aliuacha hapa mezani siku moja."

"Ukachukua bunduki yake ili aonekane yeye, ukairudisha. Rafiki yako mwingine. Nilitaka kukuuliza kitu kimoja, maana nimekiwaza njia nzima. Risasi zake zilikuwa mle mle ndani ya sefu, boksi zima. Ungetumia hizo, fataki ingekuwa na mviringo wake, teke lingekuwa dogo, darubini isingekufikia. Leo Wilondja angeshtakiwa na mimi ningesaini. Kwa nini hukutumia zake?"

Na hapo mzee wa kanisa, mwongo wa ndoa, mwuaji wa shemeji yake, aliudhika. Alinyanyua kidevu. Ilikuwa wazi kwamba katika yote aliyoambiwa siku ile, hilo ndilo lililomgusa heshima.

"Uji ule?" alisema. "Mimi nifyatue risasi ya mtu mwingine? Nilijaza yangu."

Simu mezani iliendelea kurekodi.

Muriuki alisikia maneno yake yakirudi kutoka kwenye kuta. Mkono uliondoka kwenye mpini. Alitafuta kiti, hakukuwa na kiti, akakaa chini sakafuni akiegemeza mgongo kwenye mlango ambao yeye mwenyewe aliufunga, na kofia akaiweka kwenye magoti. Apondi hakukaa. Alisimama karibu na sefu, akimlinda mtu ambaye hakuwa na pa kwenda, na hata yeye hakuwa na pa kwenda. Kwa kitambo kirefu walivuta hewa moja ile ile mbaya.

Halafu mashine ya mabati ikanyamaza; wale watu walikuwa wameenda kula. Apondi alishika risasi ile mpya iliyosimama mezani, akagonga kwa kitako chake ukutani, chuma kwa chuma, akakumbuka ni nini alichoshika, akaiweka chini haraka na kuchukua kopo tupu la rangi.

"Sarge?" sauti ya Jacky ilikuja kutoka mbali. "You in there? Why's it shut?"

"Jacky! Inua nondo! Na usimame kando, mshukiwa ameegemea mlango!"

"The what?"

"Mshukiwa!"

Nondo iliinuka. Mlango ulifunguka, Muriuki akaanguka chali juani, miguu ndani na kichwa nje, na Jacky akabaki amesimama juu yake na chupa za maji kifuani. Alitazama paji la uso la mtu yule. Kisha akaweka chupa chini, akatoa pingu.

Muriuki alijiinua hadi akakaa, akanyoosha mkono kuchukua pama yake.

"Iache hapo, mzee," Apondi alisema. "Hiyo sasa ni ya kwetu."

Alimimina chupa nzima kichwani, akatembea mbali na kontena mpaka mtandao ukarudi. Simu ilianza kulia ujumbe mmoja juu ya mwingine, wote wa inspekta: karatasi ziko tayari, anasubiri saini yake. Hakuusoma wa mwisho. Alipiga mapokezi ya kituo.

"Kuna mama amekaa hapo na watoto wanne," alisema. "Bado yupo?"

Aliyepokea alisema mama yule anakunja blanketi; ameambiwa mashtaka yanafunguliwa, anaondoka kabla watoto hawajasikia.

"Mkimbilie," Apondi alisema. "Mwambie arudi akae. Mumewe akitoka atahitaji mtu wa kumbebea begi. Bega lake ni bovu."